Bima ya mkandarasi iliyomlipa jirani yangu: uzoefu wangu

Mimi ni mkandarasi wa majengo, nimesajiliwa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, daraja la sita, na kazi zangu nyingi ni nyumba za watu binafsi hapa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nilikata bima pale tu zabuni ya serikali ilipoidai. Kazi za watu binafsi nilizifanya bila bima, maana hakuna aliyeniuliza. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Novemba 16, 2024, na watu wakafa chini ya kifusi, mteja wangu wa Sinza akaniambia hasaini mkataba mpaka aione bima kwa macho yake. Namshukuru hadi leo.

Niliyokata ni bima ya makandarasi ya hatari zote. Ina mafungu mawili. La kwanza linahusu kazi yenyewe: moto, mafuriko, wizi wa nondo saiti. La pili ndilo lililoniokoa, dhima kwa watu wengine: mpita njia akiangukiwa na tofali, gari la mtu likipondwa, mali ya jirani ikiharibika kwa sababu ya ujenzi wako. Vibarua na mafundi wako hawamo humo. Wakiumia kazini, fidia yao ni ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kwa hiyo michango huko lazima iwe sawa. Mkataba wa ujenzi ulikuwa wa shilingi milioni 380. Ada ya bima ilikuwa milioni 1.3, VAT juu yake, na kikomo cha dhima, yaani kiasi cha juu ambacho bima ingewalipa watu wengine, milioni 100 kwa tukio.

Kabla sijalipa, dalali wa bima aliniuliza swali moja: "Kaka, msingi wako uko umbali gani na jirani?" Nikamwambia hata hatua moja haifiki. Ndipo akanieleza jambo ambalo wakandarasi wengi hatulijui: fungu la dhima, likiachwa lilivyo, halilipi jengo la jirani likianguka kwa mtikisiko wa mashine au kwa sababu umechimba ukalegeza udongo unaolishikilia. Lazima uombe kipengele hicho kiongezwe, na uoneshe hali ya jengo hilo kabla ya kuchimba. Nililipa 240,000 zaidi. Kesho yake nikapiga hodi kwa yule mzee jirani, nikapiga picha 64 za kuta zake, kila ufa nikiuwekea rula pembeni.

Aprili mvua ikanyesha usiku kucha. Mtaro wetu wa msingi ulikuwa na kina cha mita moja na nusu, kwenye udongo wa kichanga. Ukaporomoka upande wa jirani na kuondoka na ukuta wa banda lake la uani, vyumba vitatu vya wapangaji. Nilipofika alfajiri nilikuta kitanda kimening'inia nusu ndani ya mtaro, chandarua bado kimefungwa. Wapangaji walisikia ukuta unalia, wakatoka mbio na watoto. Hakuna aliyeumia. Nilisimama pale magoti yakitetemeka.

Kilichofuata kilinisumbua kuliko hasara yenyewe. Mjumbe alikuja na karatasi imeshaandikwa: nakubali kosa, nitajenga upya ndani ya siku 30. Kalamu nikawa nimeishika. Dalali akanipigia simu, akanisihi nisisaini chochote wala kuahidi kulipa, kwa sababu ukikubali kosa bila idhini ya kampuni ya bima, inaweza kukataa dai lote. Mbele ya mzee aliyetoka kupoteza kodi ya vyumba vitatu, kukaa kimya ni kama kumdharau. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, pole sana. Bima ipo, leo hii naipeleka taarifa." Nikawatafutia wapangaji pa kulala kwa pesa yangu, kama ubinadamu tu, na karatasi nikaiacha.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya wakili wa jirani: milioni 45, pamoja na nyufa za nyumba kubwa. Mkadiria hasara wa kampuni alikuja akapima, akalinganisha na picha zangu. Nyufa nyingi zilikuwepo kabla ya kazi. Chache mpya zilikuwa za juu juu, hazihatarishi nyumba, na kipengele kile hakizilipi. Makubaliano yakawa milioni 18.6. Mimi nilibeba asilimia 10, yaani 1,860,000, kampuni ikamaliza zingine na gharama za wakili wa upande wetu. Bila bima ningeuza mashine ya zege na gari.

Malalamiko ninayo. Ilichukua wiki kumi, na nyaraka zilezile nilizituma mara tatu. Hati yote ni Kiingereza kizito. Kama dalali asingefungua mdomo, ningegundua pengo lile jirani akiwa tayari mahakamani. Nyufa ndogo nilizisakafia mwenyewe, kwa sababu niliona ni haki ya mzee, bima ilipe isilipe.

Ningeikata tena? Nimeshakata. Naanza kazi Tabata, katikati ya nyumba mbili zilizobanana, kikomo nimekipandisha hadi milioni 150 na kipengele cha majirani kimo. Kwa wakandarasi wenzangu mnaochimba mijini: mwambieni dalali awaoneshe kwa kidole mahali jirani anapotajwa, kabla hamjatoa hela.