Chaneli za umma kwa HD Dodoma: antena, dishi au bando?

Herufi HD kwenye boksi la king'amuzi zinaeleza uwezo wa kifaa tu. Haziahidi kwamba TBC1, Safari Channel au ZBC zitakufikia kwa ubora huo. Kati ya kamera na kioo chako yupo mrushaji, na yeye ndiye anayeamua kila chaneli ipewe nafasi kiasi gani kwenye masafa yake. Chaneli isiyomwingizia pesa huwa ya kwanza kubanwa. Ndiyo maana hapa tunazipima njia zinazotumika Dodoma na wilaya zake kwa kigezo kimoja, picha ya chaneli ya umma. Mpira na idadi ya chaneli tumeviweka kando.

Kubanwa huko kuna hesabu yake. Chaneli ya picha ya kawaida hutosheka na megabiti 2 hivi kwa sekunde. Ya HD, kwa mbano uleule wa MPEG-4, inahitaji 5 hadi 8. Masafa mamoja ya ardhini ya DVB-T2 (mfumo wa kidijitali wa matangazo ya antena), yenye upana wa megahezi 8, hubeba takriban megabiti 40 yakiwa yamepangwa vizuri. Hapo mrushaji anachagua: chaneli moja ya HD au tatu, nne za kawaida. Anayeuza vifurushi kwa wingi wa chaneli utajua mwenyewe atachagua nini.

Sasa, utajuaje unachoonyeshwa? Usiamini maandishi ya 1080 yanayotokea pembeni mwa TV ukibonyeza kitufe cha taarifa. Hayo ni yale king'amuzi kinayotoa kwenye waya wa HDMI, na king'amuzi huikuza hata picha ya kawaida ya vitone 720 kwa mistari 576 mpaka ijae kioo. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya king'amuzi, tafuta sehemu ya kuchagua ukubwa wa picha, uweke ifuate chanzo kama chaguo hilo lipo. Kisha hama chaneli. TV ikiandika 576i, hiyo ni picha ya kawaida, hata kama jina la chaneli limeandikwa HD. Ikiandika 720p au 1080i, ni HD kweli. King'amuzi kisicho na chaguo hilo, tumia macho: soma maandishi madogo yanayopita chini wakati wa taarifa ya habari, au tazama Bunge kamera inapovuta nyuma kuonyesha ukumbi mzima. Picha ya kawaida hugeuza sura za viti vya nyuma kuwa madoa. Safari Channel nayo ni kipimo kizuri sana, kwa sababu nyasi zinazochezeshwa na upepo na manyoya ya mnyama anayekimbia hula megabiti nyingi. Chaneli ikibanwa, nyasi zinageuka vigae vya mraba.

Kabla ya kulaumu chaneli, angalia nyuma ya TV. Nyumba nyingi bado zinatumia waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Waya huo haupitishi HD hata kidogo. Waya wa HDMI ndio marekebisho ya bei ndogo kuliko yote yaliyomo humu.

Tuanze na antena. Dodoma ilihama analojia mwanzoni mwa 2013, na tangu hapo mawimbi ya ardhini yanapokelewa kwa king'amuzi cha antena. Ubora wake mkubwa ni kwamba chaneli za kitaifa zisizolipiwa zinatakiwa zionekane hata kifurushi kikiisha. Kwa anayetaka taarifa ya habari na Bunge bila malipo ya mwezi, hii ndiyo njia yenye haki zaidi. Udhaifu wake ni nafasi: huku ndiko megabiti zinakogombaniwa kuliko kwingine, kwa hiyo usishangae chaneli ya umma ikaonekana safi, haigandi, lakini si HD. TV yenye DVB-T2 ndani yake inaweza kuyanasa masafa hayohayo bila king'amuzi, ila chaneli iliyofungwa kwa msimbo itaandika jina tu na kuacha kioo cheusi.

Kufunga antena vizuri kunataka mambo machache. Iwe ya UHF ya miti mingi, nje, juu ya bati. Ya ndani chini ya paa la bati inanasa mawimbi yaliyokwisha dhoofika. Waya uwe RG6 wa omu 75. Kwa masafa ya juu ya UHF, mita 20 zake hupoteza desibeli 4 hivi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi, na waya mwembamba wa bei rahisi hupoteza zaidi. Katika Makole, Area C au Area D usikimbilie antena yenye kikuza mawimbi. Karibu na mnara kikuza hicho huzidiwa, ubora unashuka huku kipimo cha nguvu kikionyesha kimejaa, na picha inaganda. Kikuza ni cha walio mbali, na kile kinachopata umeme kupitia waya wa antena hakifanyi kazi mpaka uwashe umeme wa antena kwenye mipangilio ya king'amuzi. Fundi wengi wanasahau hatua hiyo kisha wanalaumu antena.

Ukitoka mjini kwenda Kondoa, Mpwapwa au mitaa iliyozibwa na vilima, dishi ndilo jibu, maana setilaiti haijali kilima kilicho kati yako na mnara. Lakini madishi hayafanani. Dishi la Azam hutazama setilaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki. Kutoka Dodoma mjini hiyo ni magharibi, ikiinamia kaskazini kidogo (dira kama nyuzi 281), kwa mwinuko wa nyuzi 56 hivi. Jambo linaloharibu kazi nyingi ni mzunguko wa LNB, kile kifaa cha kunasa mawimbi kilicho mbele ya dishi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta na setilaiti iko mbali upande wa magharibi, LNB inatakiwa izungushwe kwenye kishikio chake karibu robo duara, nyuzi 75 na zaidi kidogo. Fundi akiiacha wima, chaneli zinakatika au hazishiki kabisa, na mwenye nyumba anaambiwa kifurushi ndicho tatizo. Mwombe aizungushe taratibu huku wewe ukisoma kipimo cha ubora. Cha nguvu kipuuzeni.

Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 Mashariki, na Dodoma iko karibu kabisa na nyuzi hizo hizo za longitudo. Kwa hiyo dishi linatazama kaskazini likiwa limeinuliwa nyuzi 83, karibu utosini. Faida yake ni kwamba mti wa jirani au ghorofa jipya la Kisasa haliwezi kuziba, na njia ya mawimbi ndani ya mvua ni fupi. Hasara yake ni uso wa dishi kulala sana: vumbi la kiangazi, majani na kinyesi cha ndege vinatulia humo. Lifute kabla ya mvua za Desemba, na ukague kifuniko cha mdomo wa LNB kama kimepasuka.

Upepo wa kiangazi ni adui wa madishi yote mawili. Dishi la sentimita 90 lina mwanya wa nyuzi 2 tu. Likisogea nyuzi moja umepoteza nusu ya nguvu. Chaneli za HD mara nyingi hukatika kwanza, kwa sababu huwekwa kwenye masafa yenye mpangilio unaodai mawimbi safi zaidi. Ukiona HD zinaganda na za kawaida zinaendelea, usinunue king'amuzi kipya. Panda ukakaze nati za nguzo.

Kwa upande wa chaneli za umma, dishi lina nafasi kubwa kuliko antena, lakini uhakika wake unategemea leseni na mikataba. Mwaka 2018 chaneli za ndani zisizolipiwa, ITV na Clouds zikiwemo, ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia baada ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kusimamia masharti ya leseni. Baadaye zilirudi, ila somo la kiufundi limebaki: usitupe antena kwa sababu umefunga dishi. Tena, chaneli ikiongezwa kwa HD hupewa namba mpya mara nyingi, na ile ya zamani inabaki. Tafuta chaneli upya kila baada ya miezi michache, la sivyo utaendelea kutazama ya kawaida huku ya HD ipo namba chache juu.

Bando ni njia ya dharura. Matangazo ya moja kwa moja YouTube yanakupa kuchagua ubora kwenye alama ya gurudumu. 720p hula takriban GB 1 hadi 1.5 kwa saa, na picha huchelewa sekunde 20 au zaidi nyuma ya antena. Kwa hotuba moja ya bajeti mwezi Juni inafaa. Kwa mwezi mzima, hapana.

Kwa anayekaa mjini tunashauri antena nzuri ya nje pamoja na king'amuzi chake, na dishi liongezwe na anayetaka michezo. Kwa Kondoa na Mpwapwa, dishi kwanza. Kupandisha kifurushi kwa ajili ya chaneli ya umma pekee hatukushauri popote: mwombe muuzaji aiwashe dukani, kwa waya wa HDMI, ikiwa imewekwa ifuate chanzo, na TV ikiandika 576i mrudishie boksi lake.