Seti ya kutengenezea bodi za saketi nyumbani: uzoefu wangu hapa Arusha

Kazi yangu kubwa ni mashine za kutotolesha vifaranga. Wafugaji wa kuku hapa Arusha ni wengi, na mashine nyingi zinazofika mezani kwangu zimekufa kitu kilekile: bodi ya kudhibiti joto. Mayai ya kuku yanataka nyuzi kama 37.5 muda wote, hayana subira na bodi mbovu. Za dukani zipo, ila hazikai kwenye boksi la kila mashine, na vero bodi (ile yenye matundu na mistari ya shaba tayari) siiamini kwenye kitu kinachobeba umeme wa volti 230. Ndiyo nikaagiza seti hii Kariakoo, ikapanda na basi.

Ndani kuna vipande vya bodi vyenye shaba upande mmoja, karatasi za njano za kuhamishia mchoro, pakiti ya unga wa feriki kloraidi (dawa ya kula shaba), kalamu ya wino usiofutika na sindano za drili. Ukiniuliza pesa yangu imekwenda wapi, nitakwambia kwenye zile karatasi.

Tona ya printa ya leza ni unga wa plastiki. Ukichapa mchoro, ukaulaza juu ya shaba na kupiga pasi, plastiki inayeyuka na kung'ang'ania shaba. Bodi ikiingia kwenye dawa, shaba iliyo wazi inaliwa, iliyofunikwa inabaki kuwa njia za umeme. Printa ya wino wa maji haifai kabisa. Mafundi wengi tunatumia kurasa za magazeti ya kung'aa, na zinafanya kazi, lakini baada ya pasi unakaa unasugua karatasi kwa kidole ndani ya maji, na nyuzinyuzi zinabaki katikati ya njia mbili zilizokaribiana. Hii ya njano ukiimwagia maji baridi inabanduka yenyewe, tona yote imeshabaki kwenye shaba, nyeusi tii. Njia za milimita 0.8 zinatoka bila wasiwasi. Nimeshuka mpaka 0.4 zikatoka, ila hapo kipande kisafishwe kwa stilwaya na spiriti mpaka king'ae, na usikiguse tena kwa vidole.

Tabu iko kwenye kuichapa. Peleka karatasi ya njano kwenye stationery yoyote ya mjini uone: "Kaka, hiyo itanizibia mashine." Nilichofanya ni kukata kipande kinachotosha mchoro tu, nakibandika kwa tepu ya karatasi upande unaotangulia kuingia, juu ya A4 ya kawaida. Mwenye duka anaona A4, roho yake inatulia, na karatasi moja ya njano inatoa bodi kadhaa. Mwambie pia azime ile sehemu ya kubana tona.

Wanaochora kwa KiCad, programu ya bure ya kuchora bodi kwenye kompyuta, wasihangaike na kugeuza: safu ya shaba ya chini ichapwe kama ilivyo, pasi ndiyo inayoigeuza. Safu ya juu ndiyo inayotaka kuchapwa kinyume.

Unga wa dawa ni mzuri na una nguvu, ila maelezo yaliyokuja nao ni mistari michache isiyoeleweka. Tia unga kidogo kidogo kwenye maji, usimwage maji juu ya unga, kwa sababu unapata moto mkali unapoyeyuka. Chombo kiwe cha plastiki. Sufuria ya alumini italiwa yenyewe. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Doa lake kwenye shati halitoki, wala kwenye sinki. Mwezi wa saba baridi yetu inaifanya dawa iwe mvivu, unaweza kutikisa beseni mpaka mkono ufe ganzi. Weka chombo cha dawa ndani ya beseni la maji ya moto, ifike kama nyuzi 40, shaba itaondoka upesi.

Na dawa iliyochoka usiimwage mtaroni. Ina shaba iliyoyeyuka, inaua samaki, na mitaro yetu inaishia kwenye mito kama Themi. Mimi naitia magadi kidogo kidogo, kwenye ndoo kubwa maana inafura povu, mpaka iache kuchemka. Tope linatuama chini, nalikausha na kulifungia kwenye chupa.

Sasa malalamiko. Sindano za drili ni takataka. Zinavunjika ukizitazama vibaya, na ya milimita 0.8, ambayo ndiyo unayoihitaji zaidi, imewekwa moja tu. Nunua zako, na ushike drili kwenye stendi, siyo mkononi. Bodi zenyewe ni zile za kahawia za karatasi na gundi. Ukikaa sana na pasi ya kuchomelea, shaba inanyanyuka. Kwa sehemu ya relay (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na taa za mashine nimehamia kwenye kipande cha fiberglass cha milimita 1.6, njia za umeme mkubwa nazipaka risasi ziwe nene, na kati ya upande wa 230 na upande wa volti 5 naacha milimita 6 na zaidi.

Kuna watakaosema agiza China, bodi 5 kwa dola chache, na mashimo yake yana shaba ndani. Kweli, na ukiwa na oda ya bodi nyingi za aina moja fanya hivyo, ingawa usafiri unaweza kuzidi bei ya bodi. Lakini mteja wangu wa eneo la Sakina alipopiga simu kusema, "Fundi, mayai nimeshanunua," hakuna mzigo wa China ambao ungefika kabla hayajaharibika. Bodi yake ilitoka mezani kwangu jioni ileile.

Kwa hiyo safari ijayo sinunui seti nzima. Naagiza karatasi za njano na unga peke yake, bodi za fiberglass nanunua kando.