Mbegu za ngano kwenye mizani: ipi kwa shamba lipi

Katalogi nyingi za mbegu za ngano hutanguliza mavuno: tani kwa hekta, kwa herufi nene. Safu hiyo isome mwisho. Imetoka kwenye vitalu vya majaribio vilivyopata mbolea kwa wakati na kupaliliwa vizuri, na haikuambii lolote kuhusu udongo mchachu au mvua inayokatika punje hazijajaa. Anza na siku za kukomaa, nenda kwenye kutu, ugonjwa wa ukungu wa majani na bua, kisha urefu wa bua. Hapa tunazipima mbegu kwa makundi, si jina kwa jina, maana majina hupita upesi na tabia ndizo zinazobaki.

Kundi moja tuliondoe mezani mapema kwa wanaolima penye joto: ngano ya majira ya baridi. Hii haitoi suke mpaka ipitiwe na wiki 4 hadi 8 za baridi, kati ya nyuzi 0 na 10 hivi za Selsiasi. Bila baridi hiyo huota vizuri, hujaza majani, hupendeza macho, kisha hubaki nyasi. Mbolea haibadilishi kitu. Tropiki, hata kwenye nyanda za juu, nunua ngano ya machipuko, isiyohitaji baridi hiyo, na kama pakiti haisemi ni ipi, uliza kabla ya kulipa.

Mbegu za mapema, zinazokomaa kwa siku 90 hadi 105, ndizo chaguo letu palipo na ukame wa mwishoni au joto linalopanda kwa kasi. Ngano hujaza punje vizuri zaidi hewa ikiwa nyuzi 15 hadi 20. Ikizidi 30 wakati wa kuchanua, chavua huharibika na suke hutoka na mapengo. Hesabu kinyumenyume: tafuta wiki ambayo joto au ukame huingia, rudi nyuma siku 30 hadi 40 za kujaza punje. Hapo ndipo masuke yanapaswa kuwa yamechanua. Kasoro yake ni machipukizi machache ya pembeni, hivyo mimea ikiota kwa kuachana haina nguvu ya kuziba mapengo. Mvua zikiwa ndefu, mbegu hiyo hiyo ni hasara: hukomaa mvua zingali zinanyesha na punje huota zikiwa bado kwenye suke. Penye usiku wa kugandisha, kuchanua mapema ni hatari zaidi ya kuchelewa.

Ngano fupi tunaisifu, ila kwa sharti. Ukoo wake unaanzia Norin 10, ngano ya Kijapani iliyotolewa mwaka 1935, ambayo uzao wake Norman Borlaug, mtaalamu wa kuzalisha mbegu, aliuchanganya na ngano za Mexico miaka ya 1950. Jeni zake mbili za ufupi, Rht-B1b na Rht-D1b, zimeenea katika ngano za leo karibu kila pembe ya dunia. Faida inaonekana mara moja: unaweza kuilisha naitrojeni nyingi na bua likasimama, ambapo ngano ndefu ingelala kwa mvua moja ya upepo. Kwa shamba la umwagiliaji hatuoni mshindani.

Sharti ni kina cha kupanda. Chipukizi la ngano hupenya udongo likiwa ndani ya ala iitwayo koleoptili. Kwenye ngano fupi yenye jeni hizo ala hiyo hufikia sentimita 5 hadi 7 tu. Ngano ndefu za zamani hupita 10. Mkulima anayefuata unyevu akashusha mbegu sentimita 8 huiacha ala ikikomea njiani, na jani la kwanza hufunguka gizani. Fukua palipo na pengo kwenye mstari utaliona: jani la manjano iliyopauka, limekunjamana kama leso iliyobanwa mfukoni, ncha ikielekea pembeni badala ya juu. Wengi huilaumu mbegu, kumbe mbegu ilikuwa nzima. Udongo wenye joto huifupisha ala zaidi, na baadhi ya dawa za kupaka mbegu za kundi la triazoli hufanya vivyo hivyo. Panda sentimita 3 hadi 5. Kama unyevu uko chini zaidi ya hapo, tafuta aina yenye Rht8 au Rht18, jeni zinazofupisha bua bila kuifupisha ala.

Kutu ndiyo safu tunayoigombania kuliko zote, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Kwanza, mizani ya alama haifanani: katalogi moja huweka 9 kwa mbegu sugu, nyingine 9 kwa inayoshambuliwa vibaya. Soma ufunguo chini ya jedwali. Pili, "sugu" bila mwaka wa kupimwa haina maana. Aina ya vimelea vya kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, iliushinda ukinzani wa jeni Sr31 ambayo nchi nyingi zilikuwa zikiitegemea. Ethiopia, ngano ya aina ya Digalu ilipendwa kwa kuhimili kutu ya njano na Ug99, kisha msimu wa 2013 na 2014 ikaja aina nyingine ya kutu ya shina, TKTTF, ikaiangusha. Tatu, jina la kutu lilingane na hewa yako: ya njano hupenda ubaridi, nyuzi 10 hadi 15, ya shina hutaka joto. Mbegu sugu kwa moja huweza kuwa chakula cha nyingine.

Tunapendelea ukinzani wa mmea mkubwa, ule unaopunguza kasi ya kutu badala ya kuizuia kabisa, maana hukaa miaka mingi. Jeni Sr2 na Lr34 ni za kundi hilo. Usishtuke ukiona dalili zake: aina yenye Sr2 huweza kuwa na weusi kwenye maganda ya suke na chini ya vifundo vya bua, na yenye Lr34 hukauka ncha za majani. Hiyo ni alama ya jeni yenyewe. Watu hupiga dawa ya ukungu bure hapo. Pitisha kidole: kutu ya kweli huacha unga mwekundu au wa njano, weusi wa Sr2 hauachi kitu.

Udongo mchachu, pH chini ya 5, huyeyusha alumini inayoviza mizizi: minene, mifupi, ncha za kahawia. Aina zinazostahimili zipo, na hutoa asidi ya maliki mizizini kuifunga sumu hiyo. Zinunue, lakini chokaa usiiache. Penye chumvi, epuka ngano ya duramu, ile ngumu ya tambi. Ya mkate hustahimili kidogo zaidi, na shayiri huipita.

Ubora wa unga tuupitie haraka. Mkate hutaka protini ya asilimia 12 hivi au zaidi, biskuti 8 hadi 10, tambi ni duramu. Penye mvua wakati wa mavuno, punje nyekundu kwa kawaida hulala muda mrefu kabla ya kuota kuliko nyeupe.

Ukishachagua, usipande kwa kilo za mazoea. Zidisha mimea unayotaka kwa mita ya mraba kwa uzito wa punje 1,000 kwa gramu, gawanya kwa asilimia ya mbegu zitakazosimama. Mimea 250, punje za gramu 40, asilimia 85: kilo 118 kwa hekta. Mbegu ya punje za gramu 50 kwa hesabu hiyo hiyo hutaka kilo 147, na ndiyo maana jirani aliyeiga kiwango chako amepata shamba lenye mapengo.

Ngano hujichavusha, hivyo mbegu ya kuhifadhi nyumbani hubaki na tabia zake kwa misimu kadhaa, isipokuwa ya chotara. Ila chunguza shamba masuke yakitoka. Suke lililogeuka vumbi jeusi ni fugwe, na ugonjwa huo hujificha ndani ya kiini cha punje zinazoonekana nzima kabisa. Kuosha hakusaidii, hutaka dawa inayopenya ndani ya mbegu, au mbegu nyingine.