Mkataba wa pango wa kujaza nafasi, na mwenye nyumba asiyebisha hodi

Fomu za mkataba wa pango la biashara zilizochapwa tayari, zile unazojaza majina, kodi na tarehe tu, upande wa fedha zimekaa vizuri. Kodi, siku ya kulipa, amana, notisi ya kuhama, vyote vimo. Zinavuja kwenye mstari mmoja: "Mwenye nyumba au wakala wake anaweza kuingia kukagua wakati wowote unaofaa."

Unaofaa kwa nani? Fomu haisemi. Kwa mstari huo mwenye nyumba ataingia dukani wateja wamejaa, dalali nyuma yake, wapime ukuta wa stoo, na akiulizwa aseme anakagua. Nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza humpa mpangaji haki ya kutobughudhiwa hata isipoandikwa, lakini ni vigumu kuidai ukiwa umesaini ruhusa pana namna hiyo.

Fomu inafaa kununuliwa, ila mstari huo ukatwe kwa kalamu, pande zote mbili zisaini pembeni, kisha uambatishwe ukurasa mmoja wa ziada. Humo kila sababu ya kuingia iwe na masharti yake. Ukaguzi: mara moja kila miezi 3, kwa notisi ya maandishi ya saa 48. Matengenezo: notisi ya siku 3, ikitaja fundi na kazi yenyewe. Kuleta wapangaji wapya: miezi 2 ya mwisho tu, nje ya saa za msongamano. Dharura ni moto, bomba kupasuka, hitilafu ya umeme au gesi. Hapo anaingia bila notisi, lakini ndani ya saa 24 aandike aliingia kwa nini na alishika nini. Dharura zisipotajwa moja moja, hata bili ya maji itageuka dharura. Ujumbe wa simu uhesabike kuwa maandishi endapo tu namba za pande zote zimo mkatabani.

Kuhusu funguo fomu iko kimya, na hapo ndipo wapangaji wengi hujiponza. Ukibadili kitasa kimyakimya, huenda wewe ndiye uliyevunja mkataba, na bomba likipasuka usiku lawama ni zako. Afadhali ufunguo wa akiba ukae kwa mwenye nyumba ndani ya bahasha iliyogundishwa, saini zenu zikipita juu ya mkunjo. Ikifunguliwa itajulikana. Ufunguo wa sefu usiwemo.

Kuzuia kodi kwa hasira ni kosa kubwa zaidi: mwenye nyumba hupata sababu ya kukutoa, na suala la yeye kuingia ovyo husahaulika. Badala yake weka daftari. "Jumanne, saa 4:10 asubuhi, aliingia na watu wawili, dakika 25, bila notisi, wateja watatu waliondoka" lina uzito kuliko "ananisumbua kila siku". Baada ya matukio mawili au matatu, andika barua ikitaja kifungu na tarehe hizo, umpe siku 7 ajibu, ubaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Akiendelea, mwanasheria ana kitu cha kuombea zuio la mahakama.

Ukurasa wa ziada unaweza pia kutaja fidia, mfano kodi ya siku moja kwa kila kuingia bila notisi. Isizidi sana hapo. Fidia iliyokaa kama adhabu mahakama huweza kuitupa.