Hedifoni za fundi kwa mtoto mwenye usonji: zinasaidia, ila ngoma hupenya

Mtoto mwenye usonji anayeziba masikio kwa viganja kila mashine ya kusaga inapowashwa hafanyi ukaidi. Sauti hiyo inamuumiza kweli. Kifaa cha kwanza tunachopendekeza ni zile hedifoni ngumu za vikombe wanazovaa mafundi wa grenda. Hapa Mtwara ziulizie kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na useme "za fundi, za kuzuia kelele". Ukisema hedifoni tu utapewa za muziki, nyingi zikiwa nyepesi mno kuzuia chochote.

Kabla hujalipa, soma boksi. Tafuta herufi SNR au NRR na namba pembeni. 20 hadi 27 inatosha. Hizo ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo kifaa kinapunguza, na sauti ikipungua desibeli 10 sikio huona kelele imeshuka karibu nusu. Usikimbilie namba kubwa zaidi, maana mara nyingi huja na upinde unaobana, na mtoto asiyependa kuguswa kichwa atazivua hapo hapo. Nenda na mtoto dukani ikiwezekana, fupisha upinde hadi mwisho, mwambie ainame. Zikiteleza, hizo ni za mtu mzima, usinunue. Kikombe kimeze sikio zima: mabutu, mkono wa miwani au ukingo wa hijabu ukipita chini ya sifongo, kelele inaingia kupitia hapo. Hijabu ivaliwe juu ya hedifoni.

Udhaifu wake mkubwa ni sauti nzito. Vigelegele, filimbi na grenda hupungua sana, lakini ngoma na besi ya spika hupenya, na mwili wenyewe huzihisi kifuani. Ndiyo maana kwenye jando au unyago wazazi wengi hudhani kifaa kimeharibika. Hapo kinachosaidia ni umbali. Kwenye uwazi, ukizidisha umbali mara mbili sauti hushuka kama desibeli 6. Kumtoa mtoto mita 5 kutoka kwenye spika na kumweka mita 20 ni desibeli 12 hivi, bila kununua kitu. Mjomba mwenye shughuli aambiwe mapema kwamba mtoto atasalimia kisha atakaa nyuma ya nyumba na mtu aliyemzoea. Tafadhali, hedifoni zisiwe kisingizio cha kumlazimisha avumilie mpaka asubuhi.

Mazoezi yaanze nyumbani pakiwa kimya. Mwachie azishike, azigeuze, akuvishe wewe. Kisha avae dakika moja huku akifanya anachokipenda, na kesho yake tatu. Akitaka kuvua, avue. Zitundikwe mahali anapofika mwenyewe, ili zimsaidie hata asiyezungumza: akizichukua, ameshakwambia kelele imemzidi. Mvishe kabla ya kelele, maana akishaanza kulia, kumgusa kichwa kunaongeza moto.

Kelele ikiisha, zivuliwe. Mtoto anayeshinda nazo hata nyumbani pakiwa kimya huzoea ukimya, na sauti ndogo kama ya sufuria inazidi kumkera. Barabarani mshike mkono muda wote, kwa sababu bodaboda ya nyuma huenda asiisikie.

Joto letu la pwani nalo ni tatizo. Jasho hujaa ndani ya vikombe, ngozi ya sifongo hukakamaa na kupasuka, na sifongo iliyopasuka haizibi tena. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni kila baada ya kuvaliwa, anika kivulini, usiloweke.

Akianza ghafla kulia na kushika sikio moja hata pakiwa kimya, hedifoni si jibu. Mpeleke hospitali akakaguliwe, Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi. Nta iliyoganda na maambukizi huuma sana, na watoto wengi wenye usonji hawana namna ya kukwambia sikio linauma.