Kabla Hujanunua Mkanda na Vipochi vya Kamera, Shika Kiungio

Lenzi yangu ya 85mm ilianguka kwenye mapokezi ya maharusi Tabata, matarumbeta yamepamba moto, mimi narudi kinyumenyume mbele ya bibi harusi. Kipochi hakikuchanika na zipu haikufunguka. Kilichoachia ni ule ulimi wa nyuma unaokishikiza kipochi kwenye mkanda: kipande cha kitambaa cha urefu wa kidole, chenye kitufe kimoja cha kubana. Nilipochuchumaa kitufe kikafyatuka. Niliposimama, kipochi kikadondoka kwenye sakafu ya saruji, lenzi ikiwa ndani. Fundi wangu Kariakoo aliigeuza mara mbili mkononi, akaniambia, "Dada, vioo ni vizima, ila fokasi ndiyo imekufa." Lenzi ile niliidundulizia miezi minane.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wapiga picha wenzangu, na visa vyao karibu vyote vinaanzia hapo hapo. Kwa hiyo hapa sitakupigia hesabu ya mifuko, wala rangi, wala kama kitambaa kinazuia maji. Hayo utayasoma kwenye lebo. Nitasema juu ya viungio, yaani pale kipochi kinaposhikana na mkanda.

Begi la kawaida limeshonwa likawa kitu kimoja. Mfumo wa vipande umegawanywa makusudi: mkanda mbali, vipochi mbali, kasha la sponji la kukinga kamera ndani ya begi mbali, ili leo ubebe vitatu na kesho vitano. Faida ni kubwa, lakini kila mahali kipande kinapokutana na kingine ni mahali kinapoweza kuachia. Na uzito si mdogo. Lenzi ya Canon EF 70-200mm f/2.8 toleo la pili ina gramu 1,490. EF 85mm f/1.8 ina gramu 425, na flashi ya 600EX-RT ina gramu 425 pia kabla hujaitia betri. Jumla gramu 2,340 zinaning'inia kiunoni, na hazitulii: unakimbia, unapiga magoti, unapanda kiti kupata picha ya keki.

Viungio nilivyokutana navyo ni vya aina tatu. Kitufe cha kubana ndicho kilichoniliza, sikitaki tena hata kwa kupewa. Velkro peke yake hushika vizuri ikiwa mpya, kisha vumbi na nyuzi za nguo huziba vile vindoano vyake mpaka inabaki kugusana tu. Tena ina kelele. Uifungue kanisani wakati maharusi wanakula kiapo uone watu watakavyogeuka. Aina ya tatu ni ulimi mrefu unaopita kwenye mkanda, ukarudi, ukajifunga mara mbili, hivyo fungo la kwanza likilegea la pili bado limeshika. Tafuta huo.

Kipimo changu ni rahisi. Nenda dukani na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, maana uzito wake ni karibu sawa na ile 70-200. Itie kwenye kipochi, itatokeza juu lakini si neno. Vaa mkanda, chuchumaa mara kumi, ruka mara kumi, kisha tazama ulimi. Ukiona umesogea hata nusu sentimita, rudisha mkanda kwenye rafu.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni mikanda ya Think Tank Photo. Kampuni hiyo ilianzishwa California mwaka 2005 na wabunifu wa mabegi pamoja na wapiga picha wa magazeti, na ukiivaa unajua mtu aliyeibuni amewahi kukimbia na kamera mbili. Kipochi kwenye mkanda wao wa Pro Speed Belt unaweza kukiacha kizunguke au ukakifunga kisisogee. Hilo ndilo lililoniteka. Nikibadilisha lenzi nakivuta mbele, nikipenya kati ya viti nakisukuma nyuma, nikikimbia nakifunga. Vipochi vyake vya Lens Changer vina koti la mvua ndani. Nimevaa wangu masika mawili na ulimi haujawahi kuachia. Kasoro yake ni joto: sponji ni nene, na kwa Dar kiuno kinalowa kabla ya saa sita. Wadada, mkanda huu unauzwa kwa saizi, hivyo pima ukiwa umevaa nguo ya kazini, kwani juu ya kitenge hukaa tofauti kabisa. Na nunua zile kanda za mabegani, usiuachie mgongo wa chini kazi yote.

Nafasi ya pili nazipa chapa za F-stop na Shimoda, kwa anayekwenda porini au mlimani. Hapa mfumo ni begi kubwa la mgongoni na kasha la sponji ndani linalochomoka. Ndege ndogo za kwenda Serengeti mara nyingi zinakubana kwenye kilo 15, mizigo yote. Ukiambiwa begi liende chini kwenye mizigo, unachomoa kasha lenye kamera na kulipakata. Kiungio kiko ndani ya begi, hivyo hata kikilegea lenzi haifiki sakafuni.

Ya tatu ni Peak Design. Makasha yake hushikizwa ndani ya begi la safari kwa vikulabu vidogo, na kwa msafiri yanatosha. Klipu yao ya Capture, inayobana kamera kwenye mkanda wa begi, ni chuma kwa chuma na naiamini. Lowepro ProTactic naiweka ya nne: kanda za nje za kushikizia vipochi ni nyingi na imara, lakini begi lenyewe ni zito likiwa tupu.

Mwenye pesa kidogo achukue kasha la Tenba BYOB alitumbukize kwenye begi lolote alilonalo. Mikanda ya bei ya chini yenye vitufe, usiiguse.

Sasa wauzaji. Kwa nini bei ni siri? Unaona picha ya begi, unauliza, unajibiwa "njoo DM", yaani kwenye ujumbe wa faragha, na huko bei inategemea umejitambulisha kama nani. Halafu wanakuuzia "mfumo kamili", unafika nyumbani unakuta begi tupu, kwa sababu makasha ya ndani huuzwa peke yake kwa nyingi ya chapa hizi, na hakuna aliyekwambia. Mkanda ulioniangushia lenzi nilionyeshwa picha ya ulimi unaojifunga mara mbili, nikaletewa wenye kitufe. Niliporudi, kijana alinionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa haitarudishwa. "Dada, lakini si inabana?" akaniuliza, akikibonyeza kitufe kwa kidole, mkanda ukiwa mtupu mezani.

Siku hizi nalipa baada ya chupa yangu ya maji kuruka mara kumi mbele ya macho ya muuzaji. Wauzaji wawili wamenikatalia mwaka huu, na wote wawili nimewaachia mikanda yao.