Bluetooth ya kompyuta mpakato ikigoma: ununue adapta ipi?

Kabla ya kutoa hela, hakikisha redio ya Bluetooth imekufa kweli. Fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta ndani ya Windows. Jina la Bluetooth likiwepo na kipanya kikashika vizuri, ila hedifoni tu ndizo zinagoma, mashine haina kosa: mara nyingi hedifoni zimeshashikwa na simu iliyo mfukoni. Zima Bluetooth ya simu, futa hedifoni kwenye orodha ya kompyuta, kisha ziunganishe upya.

Jina likiwa limetoweka kabisa, zima mashine huku umeshikilia Shift ili Windows izimike yote, chomoa chaja, kandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, ndipo uwashe. Likirudi, hela yako imepona.

Lisiporudi, chaguo letu la kwanza ni adapta ya USB ya Bluetooth 5.0, mfano TP-Link UB500. Haihitaji fundi, na Windows 10 au 11 hujipakulia draiva (programu inayoendesha kifaa) kukiwa na intaneti. Wengi huirudisha dukani wakidhani ni mbovu, kumbe Windows hutumia redio moja tu ya Bluetooth kwa wakati mmoja. Kama ile ya zamani bado inaonekana, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Disable device, ndipo uchomeke mpya.

Angalia pia tundu. USB 3.0, ambalo aghalabu ni la buluu, hutoa kelele ya mawimbi kwenye 2.4 GHz, palepale Bluetooth inapofanyia kazi. Adapta ikikaa kando ya diski ya nje inayonakili mafaili, sauti hukatika na kipanya hukwama. Tumia tundu la USB 2.0, au waya wa kurefushia USB wa sentimita 30 hadi 50. Waya huo ununue siku hiyohiyo.

La pili ni kadi ya ndani ya Intel AX210. Haichomozi nje na inakupa na Wi-Fi 6E, aina mpya zaidi ya Wi-Fi, lakini ina mitego, ndiyo maana haikushika nafasi ya kwanza. Inahitaji tundu la M.2, yaani nafasi ya kadi ndani ya mashine, la ukubwa wa 2230 (milimita 22 kwa 30) na Windows ya biti 64. Usiuziwe AX211 kimakosa. Hiyo hukubali tu mashine zenye prosesa za Intel zilizoundwa kwa ajili yake. ThinkPad za zamani kama T440 huikataa kadi ngeni kwa kosa namba 1802. Vichwa vya waya za antena navyo ni vidogo mno: vikibanwa upande huvunjika, na kadi isiyo na antena hushika kwa umbali mfupi tu.

Chaguo la tatu ni kipitisha sauti cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la hedifoni la 3.5 mm, kwa muziki na filamu tu.

Epuka vidubwana vya bei ya chini vilivyoandikwa CSR 4.0 (CSR ni jina la chipu ya Bluetooth). Vingi ni bandia, na namba yake ya utambulisho kwenye Device Manager, VID_0A12&PID_0001, ni ileile ya chipu halisi, kwa hiyo haikusaidii kuvitambua. Vijaribu dukani: unganisha kipanya na hedifoni kwa pamoja, cheza wimbo dakika 10. Sauti ikikatika, kiache hapohapo.